Kupaka nyumba nyeusi na nyeupe bila ukuta kukuumbua

Ukitaka kujua kama fundi rangi anaijua kazi yake, mpe kona moja ambapo ukuta mweusi unakutana na mweupe. Krimu na kijivu hafifu husamehe mengi: puti ya kusawazisha ukuta iliyopigwa harakaharaka, kona iliyopinda, mkono wa pili, yaani tabaka la pili la rangi, uliowekwa kabla wa kwanza haujakauka. Nyeusi na nyeupe hazisamehe. Nyeusi humeza karibu mwanga wote unaoifikia, nyeupe nzuri hurudisha zaidi ya asilimia 80, na pale zinapogusana jicho huona hata milimita mbili zilizopinda. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla kopo la rangi nyeusi halijafunguliwa.

Weusi ukae wapi

Usianze kwa kuchagua rangi. Simama ndani ya chumba mchana utazame dirisha liko wapi, maana dirisha ndilo litakaloamua ukuta upi ubebe weusi. Ninaoupendelea ni ukuta unaotazamana na dirisha. Mwanga huupiga usoni, vivuli vya mabonde madogo hupotea, na weusi unatulia bila kuonyesha kasoro. Ukuta wa ubavuni, ule unaoshikana na wa dirisha, hupigwa na mwanga unaopita sambamba nao, kwa hiyo kila kinundu cha puti hutupa kivuli chake. Ukitaka nyeusi hapo, jiandae kupiga skimu, yaani tabaka jembamba la puti, ukuta mzima. Ukuta uliobeba dirisha lenyewe una tatizo lingine: katikati kuna mwanga mkali wa nje, pembeni kuna giza, na macho huchoka kuhama kati ya viwili hivyo. Huo uache mweupe. Weusi uishie kwenye fremu za dirisha, ambako hupendeza kweli kwa sababu huyakata mandhari ya nje kama picha.

Korido ndefu inanufaika na weusi kwenye ukuta wa mwisho, kwa kuwa ukuta huo huonekana umesogea karibu. Dari ya chini isipakwe nyeusi. Dari ya mita 3 na kuendelea inaweza kuibeba, tena huficha mabomba na nyaya. Nyuma ya televisheni, nyeusi ni chaguo zuri sana, maana kioo kilichozimwa hupotea ukutani.

Kuhusu kiasi, epuka nusu kwa nusu. Chumba kilichogawanywa sawasawa hukosa pa kupumzishia macho. Weusi ukifika robo ya kinachoonekana, umetosha, na hesabu hiyo ijumuishe sofa, televisheni, fremu na kapeti. Watu wengi husahau fanicha, wakapaka ukuta mweusi, kisha wakarudisha kabati jeusi mbele yake. Kabati linapotea na chumba kinaelemea upande mmoja.

Nyeupe si moja

Karibu kila rangi nyeupe ya dukani hutegemea unga wa titani dioksidi kwa weupe wake, kisha huongezwa matone ya rangi nyingine: njano, nyekundu, nyeusi, bluu. Matone hayo huwezi kuyaona ukiitazama nyeupe peke yake. Shika karatasi nyeupe ya kuchapishia kando ya sampuli na papo hapo utaona kama inaelekea umanjano, upinki, ukijivu au ubluu. Nyeusi nazo ni hivyohivyo. Nyingine zina ubluu ndani yake, nyingine ukahawia, nyingine ukijani uliofichika sana.

Zioanishe kwa joto lake. Nyeusi yenye ukahawia ikae na nyeupe yenye umanjano mdogo. Nyeusi yenye ubluu ikae na nyeupe ya baridi. Ukichanganya nyeupe yenye umanjano na nyeusi yenye ubluu, nyeupe itaonekana chafu, na utaanza kulaumu rangi wakati tatizo ni ndoa. Ushauri wangu ni kuchagua nyeusi kwanza, halafu kuitafutia nyeupe yake. Kama chumba hakipati mwanga mwingi wa mchana, iache nyeusi kali na uchukue ile ya mkaa, iliyo hatua moja tu kuelekea kijivu. Ukutani hakuna atakayeiita kijivu.

Usijaribu rangi kwa kupaka viraka ukutani. Ukuta wa zamani ulio nyuma ya kiraka huidanganya rangi, na kiraka cheusi kinakuja kukusumbua wakati wa kukifunika. Chukua kipande cha hardibodi chenye upana wa sentimita 50 hivi, kipake mikono miwili kamili, kiache kikauke, kisha kihamishe ukuta hadi ukuta asubuhi, mchana na usiku taa zikiwaka.

Taa zenyewe ziamuliwe kabla ya rangi. Balbu za Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2,700 hadi 3,000 huvuta nyeupe kuelekea umanjano na huufanya weusi uwe laini. Balbu za 6,500 huipa nyeupe ubluu, na weusi unakuwa mkavu, wa ofisini. Kumbuka pia kwamba ukuta mweusi haurudishi mwanga chumbani, kwa hiyo taa moja ya katikati ya dari iliyokuwa ikitosha haitatosha tena. Ongeza taa za mezani au za kusimama, na uelekeze angalau moja kwenye ukuta mweusi wenyewe.

Mng'ao

Mati, yaani rangi isiyong'aa, huficha mabonde ya ukuta, na nyeusi ya mati inavutia kuliko zote. Ubaya wake ni kwamba ukiisugua, hata kwa kitambaa laini, pale uliposugua huanza kung'aa na alama haitoki. Bega likipita mara kwa mara, hubakiza mstari. Kwa hiyo mati nyeusi iwekwe ukuta usioguswa: nyuma ya kitanda chenye ubao wa kichwani, nyuma ya televisheni, ukuta wa picha. Kwenye korido nyembamba, karibu na swichi na jikoni, chukua silki (yenye mng'ao mdogo) au nusu mng'ao, ukijua kwamba utalipia kwa kusawazisha ukuta zaidi.

Milango, fremu na skatingi (ukanda wa chini ya ukuta, sakafuni) huhitaji rangi ngumu zaidi. Hapo kuna jambo la kuangalia upande wa nyeupe: rangi nyeupe ya mafuta hugeuka njano taratibu, na hugeuka haraka zaidi mahali pasipofikiwa na mwanga, kama nyuma ya milango na ndani ya makabati. Kando ya nyeusi umanjano huo unaonekana mapema. Rangi ngumu ya maji ya mbao na vyuma haibadiliki hivyo, nami naona inafaa zaidi kwa skatingi nyeupe.

Hesabu ya rangi

Lita 1 hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini uliopigwa praima, ile rangi ya msingi. Plasta mpya hunywa sana, hushuka hadi 6 au 8. Tuchukue chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.8. Mzunguko ni mita 15, kuta zote ni mita za mraba 42. Ukuta mmoja mfupi mweusi ni 9.8. Kuta nyeupe ni 32.2, toa mlango na madirisha kama mita 5, zinabaki 27. Mikono miwili ni 54, sawa na lita 5.4. Dari ni 14, mikono miwili lita 2.8. Nyeusi mikono miwili ni kama lita 2, lakini nunua 3, kwa sababu nyeusi mara nyingi huomba mkono wa tatu, na hutaki kurudi dukani kuchanganyiwa kopo jipya. Kopo mbili zilizochanganywa siku tofauti hazilingani kabisa. Kopo zote za rangi ileile zimwage kwenye ndoo moja, koroga, kisha chota humo kazi nzima.

Kusawazisha ukuta

Plasta mpya ya saruji iachwe ikauke kwa wiki 4. Ikipakwa mapema, unyevu unaotoka hubeba chumvi na kuziacha juu ya rangi. Kwenye ukuta mweupe hutaona mwanzoni. Kwenye mweusi utaona unga mweupe unaochipuka kama mawingu, na kuupaka juu hakusaidii, utatokea tena. Ukuta wa zamani wenye unyevu uko hivyohivyo: tafuta bomba au ufa unaoleta maji, uzibe, ukuta ukauke, ukwangue chumvi kwa brashi kavu, ndipo upake praima inayostahimili saruji. Usioshe chumvi kwa maji mengi, maana unairudisha ndani.

Rangi ya zamani inayobanduka ikwanguliwe kwa skrepa. Kama nyumba ni ya miaka mingi, rangi za chini zinaweza kuwa na risasi, hivyo usipige msasa mkavu. Lowesha, vaa barakoa ya vumbi laini, watoto wawe mbali, na mabaki yafungwe kwenye mfuko. Osha mafuta ya mikono karibu na swichi kwa maji ya sabuni na usuuze.

Puti ipigwe kwa tabaka jembamba mara mbili au tatu, kila moja ikauke. Tabaka moja nene hupasuka katikati. Msasa namba 120 kwa kuondoa vinundu, kisha 180, na kwa ukuta utakaobeba nyeusi malizia na 240. Halafu fanya jaribio ambalo mafundi wengi huliruka: zima taa ya dari, weka tochi ikigusa ukuta, ielekeze sambamba nao, uipitishe polepole kuanzia chini hadi juu. Kila bonde litajitokeza kwa kivuli chake. Lizungushie kwa penseli, lijaze, rudia. Tochi hiyo ya dakika kumi huokoa mkono mzima wa rangi.

Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevunyevu, kisha piga praima. Chini ya nyeusi tumia praima ya kijivu. Praima nyeupe haiharibu rangi, ila siku kiti kitakapokwaruza ukuta, mkwaruzo utaonekana mweupe kama chaki. Kijivu huuficha, na pia hukupunguzia mkono mmoja. Sehemu zenye puti zipigwe praima mara mbili, la sivyo zitanywa rangi zaidi ya jirani zake na kubaki na mabaka yasiyong'aa sawa.

Kupaka

Anza na dari, kisha kuta nyeupe, nyeusi iwe ya mwisho. Nyeusi hufunika nyeupe kirahisi, lakini tone la nyeusi kwenye ukuta mweupe linaweza kukulazimisha kupaka mikono mitatu juu yake. Kwa sababu hiyohiyo, anayetaka kugeuza ukuta mweusi uwe mweupe apige kwanza praima ya kuziba, mara mbili, kabla ya kufikiria nyeupe.

Kila rangi iwe na brashi, rola na trei yake. Brashi iliyotumika kwa nyeusi, hata ukiiosha maji yakatoka meupe, hubaki na rangi kwenye kitako cha nywele, pale zinapoingia kwenye chuma. Ukiigandamiza kwenye nyeupe siku ya pili, huteremka mstari wa kijivu. Kwa ukuta laini rola yenye manyoya ya milimita 10 hadi 12 inatosha; kwa milango chukua ya sponji au ya manyoya mafupi ya milimita 5. Rola mpya izungushie tepu na uibandue, ili manyoya yaliyolegea yatoke kabla hayajaganda ukutani.

Kata kingo, yaani paka pembezoni ambako rola haifiki, kwa brashi ya milimita 50, kisha rola ifuate kingo zikiwa bado mbichi. Hili ni la lazima kwenye nyeusi. Ukikata kingo za ukuta mzima, ukaenda kunywa maji, ukarudi na rola, kingo zitakuwa zimekauka na utapata fremu inayong'aa tofauti kuzunguka ukuta wote. Kata upande mmoja, rola, kata unaofuata, rola. Fanya vipande vya upana wa mita 1, ukianzia juu hadi chini, na kila kipande kipandie kidogo kile kilichotangulia kabla hakijakauka. Maliza kwa kuivuta rola kwa wepesi kutoka juu kwenda chini, mwelekeo mmoja, bila kuichovya tena. Feni zizimwe na jua lisipige ukuta, maana ukavu wa haraka ndio unaoleta michirizi ya rola.

Nyeusi hukauka taratibu kuliko nyeupe. Inachanganywa kwenye besi (rangi ya kuanzia kabla ya kutiwa rangi) isiyo na unga mweupe, ikajazwa rangi nyingi ya kutia, na rangi hiyo ina viowevu vinavyochelewa kutoka. Nyeupe inaweza kupokea mkono wa pili baada ya saa 4. Nyeusi iachie usiku mzima. Ukiwahi, rola itabandua mkono wa kwanza na kuacha mabaka. Baada ya mkono wa kwanza ukuta utaonekana wa ovyo, wenye mawingu na mistari. Usishtuke na usirudie sehemu mojamoja. Subiri mkono wa pili.

Mstari ulionyooka

Nyeupe ikauke angalau siku moja kamili kabla hujabandika tepu juu yake, siku mbili ni bora zaidi. Chora mstari kwa pima maji na penseli nyepesi. Uzi wa unga wa bluu usiutumie kwenye nyeupe, maana unga huo huchanganyika na rangi. Bandika tepu ya karatasi ya wapaka rangi, gandamiza ukingo wake kwa skrepa ya plastiki, kisha, na hapa ndipo siri ilipo, paka ukingo huo kwa rangi nyeupe ileile iliyo chini. Kama kuna upenyo, nyeupe ndiyo itakayoingia na kuuziba. Ikikauka, paka nyeusi. Tepu ibanduliwe wakati mkono wa mwisho wa nyeusi bado una unyevu kidogo, kwa kuivuta polepole ikijikunja kuelekea nyuma kwa nyuzi 45. Ikishakauka kabisa, pitisha kisu kikali ukingoni kwanza, la sivyo rangi itachanika pamoja na tepu.

Ukuta mweusi unapofika dari nyeupe, dari iliyopinda hujitangaza. Plasta nyingi zina mteremko wa sentimita 1 au zaidi kutoka kona hadi kona. Dawa yake ni kuishusha nyeupe ya dari ukutani: piga mstari wa pima maji sentimita 3 au 4 chini ya dari, juu yake pabaki peupe, nyeusi ianzie hapo. Jicho litaona mstari ulionyooka na halitaiona dari.

Kanuni hiyo ndiyo inayoongoza ukitaka kupaka ukuta kwa mistari ya kulala, nyeusi na nyeupe kwa zamu. Mstari wa juu kabisa na wa chini kabisa uwe mweupe, ili upindaji wa dari na sakafu umezwe. Hilo linadai idadi ya mistari isiyogawanyika kwa mbili. Kwa mistari ya kusimama kwenye ukuta wa sentimita 350, upana wa 25 unatoa mistari 14, kwa hiyo upande mmoja utaishia nyeusi. Gawanya kwa 13, kila mmoja uwe karibu sentimita 26.9, na utapata saba nyeupe na sita nyeusi, nyeupe zikiwa pande zote mbili. Pima kwa timazi, usipime kutoka konani, kwa sababu kona chache sana zimesimama wima. Tepu ikae daima upande unaobaki mweupe, nje ya mstari wa penseli, na kila mstari utakaobaki mweupe uwekee kipande kidogo cha tepu chenye alama ya X. Bila alama hiyo, rola huingia mahali pasipo pake katikati ya kazi.

Mlango mweusi ndani ya fremu nyeupe hupendeza kwa kazi ndogo. Vua kitasa badala ya kukizungushia tepu. Kama pande mbili za mlango zina rangi tofauti, ubavu wa upande wa kitasa upakwe rangi ya chumba ambacho mlango hufungukia, na ubavu wa bawaba rangi ya upande wa pili. Mlango ukiwa wazi, kila chumba kitaona rangi yake. Mlango wa mbao unaopigwa na jua moja kwa moja nje usiupake nyeusi, kwa sababu hupata joto sana, mbao hujikunja na viungo huachana. Grili za chuma hazina shida hiyo, ilimradi kutu iondolewe kwa brashi ya waya na praima ya kuzuia kutu itangulie.

Wiki za kwanza

Rangi ikikauka kwa kuguswa haijakomaa. Kwa wiki 2 hadi 4 usioshe ukuta mweusi, usibandike kitu na usiegemeze fanicha. Kwenye bafu, jikoni au msimu wa unyevu unaweza kuona michirizi inayonata, ya kahawia au yenye mng'ao, ikishuka ukutani. Hiyo ni sabuni iliyomo ndani ya rangi, ile inayosaidia unga wake usambae kwenye maji, imepanda juu kabla rangi haijakauka vizuri. Ifute taratibu kwa kitambaa chenye maji tu. Inaweza kurudi mara moja au mbili, kisha huisha.

Vumbi la ukuta mweusi huondolewa kwa brashi laini kavu, kabla ya kufikiria maji. Na doa likikushinda, usilipake peke yake: hata rangi ya kopo lilelile itaonyesha kiraka. Paka ukuta huo mzima, kona hadi kona. Ndiyo sababu rangi itakayobaki ihifadhiwe kwenye chombo kidogo kilichojaa hadi juu, hewa isipate nafasi, kikiandikwa jina la rangi, namba ya mchanganyiko, tarehe na ukuta ilikotumika.